Jina Moja kwenye Hitma ya Bi Mwanakuu

Shoga, ndio tumetoka hitmani kwa Bi Mwanakuu!

Si wamjua mjukuu wake, Yumna, na ile programu yake ya kwanza ya kompyuta, ya majina ya marehemu wa ukoo? Bibi akitaja, yeye akiingiza: jina, ndani yake watoto, ndani yao wajukuu. Miezi miwili!

Leo mwalimu aliyeongoza dua akamwambia, "Haya mwanangu, tusomee majina tuwaombee."

Akafungua kompyuta. Jina moja. MOJA, shoga!

Kumbe kila akihifadhi, programu ilikuwa yafuta faili zima na kuandika jina la mwisho tu.

"Wengine wako wapi?" mwalimu akauliza.

Jina lililobaki ni la Bi Mwanakuu mwenyewe, ambalo Yumna alilitia jana akilia. Na hao wengine, aliyekuwa akiwajua ni bibi peke yake.