Glasi ya Mama Wambui

Mama mpendwa, mvua ya huko Vihiga imewaachia mahindi? Mimi niko Kihoto, Naivasha. Leo niliandamana na afisa wa afya kukagua ploti ya Mama Wambui. Maji waliyokwisha kuogea wapangaji anayachuja kwa kokoto, kisha yanaenda chooni kwa paipu nyekundu. Ya mvua yana tangi lake, na afisa angeweza kulifunga akiona linahatarisha wapangaji. Akajaza glasi pale tangini, akainua kunywa. Mama Wambui akamshika mkono.

"Boss, hayo hayajachemshwa. Kaa nikupe chai."

Afisa akacheka, akampitisha. Alikuwa anampima yeye, si tangi. Nilimvulia Mama Wambui kofia.

Nikakumbuka lile pipa letu la maji ya mvua. Tafadhali uwe unachemsha, Mama, nikukute mzima.

Mwanao, Ayuma