Mstari Uliouacha Ndani ya Programu ya Maji

Voi, Septemba 1998

Mdogo wangu Mwakio,

Wengine huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi. Kadi yako ya Krismasi ilisema huko uliko kuna baridi kali na chakula hakina ladha, na nilipoisoma nilifurahi, Mungu anisamehe. Nakuandikia kwa sababu ile programu yako ya zamu za maji imehama toleo, na aliyeihamisha ni mimi, dada yako, yule uliyemwambia mbele ya msimamizi wa mradi, "Dada, wewe chapa tu namba, mengine usiguse."

Siku ile unaikumbuka? Ulikuwa umemaliza chuo, umerudi Voi na kompyuta kuukuu uliyopewa na mwalimu wako, na ofisi nzima ya mradi wa maji ilikuzunguka kama bwana harusi. Mimi nilikuwa karani pale tangu ukiwa kidato cha pili. Zamu za vijiji nilikuwa naziandika kwa mkono, na haikupita wiki bila mtu kuja dirishani kunigombeza kwamba napendelea watu wangu wa Sagalla. Ukasema dawa ni kompyuta, maana kompyuta haina kabila wala shemeji. Kila Ijumaa nichape kina cha maji kwenye tangi kubwa la mlimani, yenyewe igawe siku, itoe karatasi, na fundi wa valvu afuate karatasi hiyo bila kuuliza mtu. Nakuambia ukweli, nilikupenda sana siku hiyo. Nilizunguka Kaloleni yote nikiwaambia watu kwamba huyo ni mdogo wangu.

Ulisema pia kwamba programu hiyo si ya kuuza. Mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuifungua ndani, kuisoma na kuibadilisha. Ukaipeleka kwa diski mpaka Mghange, kwa kamati ya maji ya huko. "Kila kitu kiko wazi, Dada. Hakuna siri." Nikakuomba basi unifundishe kuisoma. Ulinifundisha Jumamosi mbili, ukininyang'anya kibodi kila nilipokosea, na Jumamosi ya tatu ukawa na safari. Halafu ukapata ufadhili, ukapanda ndege. Hata ukurasa mmoja wa maelezo hukutuachia.

Mwaka huu kompyuta yako ilikufa. Vumbi la hapa liliimaliza. Mradi ukapewa nyingine, nayo ilikuja na Perl, lugha ileile uliyoandikia programu, lakini toleo la tano. Wewe uliandika kwa toleo la nne. Na usiniambie hukujua, kwa maana hilo la tano lilikuwa limeshatoka ungali hapa, na uliniambia kwa mdomo wako litasubiri, una haraka. Haraka yako ndiyo iliyonikalia mimi kichwani. Nilipowasha programu kwenye kompyuta mpya ilisimama palepale na kutoa malalamiko. Msimamizi akaniuliza wiki hiyo atampa fundi wa valvu karatasi gani. Nikaandika kwa mkono, kama zamani, na dirishani wakaanza tena kunitukana.

Nilikupigia simu kutoka posta. Nilipanga foleni asubuhi nzima. Ulisema, "Lakini iko wazi, si usome?" Ukacheka, na simu ikakatika.

Basi nikasoma. Nilichapisha programu yote kwenye karatasi, nikatafuta penseli, na kwa wiki tatu saa yangu ya chakula ikawa ni hiyo. Unajua kilichokuwa kikiisimamisha? Pambo lako. Ulikuwa na mtindo wa kuweka ile alama ya @ mbele ya jina la kila kijiji ili karatasi ipendeze. Toleo la nne lilikuwa linaiacha ipite. Toleo la tano likiiona linadhani unataja orodha ya vitu, linakataa, linakuonyesha namba ya mstari na kukaa kimya. Dawa yake ni mkwaju mmoja, kile kistari kilicholala upande, mbele ya alama. Naweka mkwaju, nawasha, inasimama mbele kidogo, naweka mwingine. Kwa njia hiyo nimeipitia kazi yako yote mstari kwa mstari, na nimeijua kuliko unavyoijua wewe sasa. Sikuwa mjinga, Mwakio. Nilikuwa sijafundishwa.

Siku moja ikasimama kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne. Nikauendea na penseli yangu, nikiwa nimeshazoea, nikaweka mkwaju. Kisha nikausoma. Unasema hivi: kina cha tangi kikiwa chini ya alama ya tatu, ruka Sagalla Juu, na siku yake ipewe Kaloleni. Pembeni yake uliweka maelezo, ya pekee katika programu nzima. "Hawa ni wetu, watavumilia."

Niliusoma mara nyingi sana. Chakula changu kilipoa, nikakifunika, nikakirudisha nyumbani.

Kwa nini Kaloleni, sihitaji kuuliza. Ulikuwa unachumbia kwa kina Mkawasi, wazee walikuwa wanaingia na kutoka, na ulitaka bomba la mkweo lisikauke mbele ya wageni. Msichana wa watu hata hukumuoa. Na kwa nini uliwaruka wa nyumbani, hilo nalo nalijua, kwa sababu ni tabia ya kwetu: ukiwanyima wako, watu watakusifu kwamba huna upendeleo. Walikusifu kweli. Msimamizi alisema mbele ya baraza la chifu kwamba kijana wa Sagalla ameleta haki. Ulisimama pale ukiinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nami nilikuwa napiga makofi.

Sasa nikukumbushe kiangazi kile kabla ya mvua za El Niño, wewe ukiwa umeshaenda. Tangi lilikaa chini ya alama ya tatu wiki kumi na moja. Wiki zote hizo nilichapa namba kwa vidole vyangu, nikaitoa karatasi, nikaibandika ubaoni. Mama alishuka kutoka nyumbani kwa miguu na mtungi mtupu, akasimama dirishani kwangu kwenye foleni kama mtu baki.

"Wakesho, maji yetu iko wapi?"

"Mama, karatasi imesema tangi limeshuka."

"Hiyo karatasi ni ya kompyuta ya Mwakio?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ni haki," akasema. Akachukua mtungi wake, akapanda tena mlima.

Wiki iliyofuata aliteleza kwenye njia ya kisimani, kule bondeni ambako watu walikuwa wameacha kwenda tangu bomba lifike. Nyonga haikuunga vizuri. Nilipokuandikia kwamba anatembelea fimbo nilikuambia ni uzee, nisikutie wasiwasi ukiwa masomoni. Si uzee. Ni wewe, na ni mimi niliyesimama dirishani nikimjibu mama yangu mzazi kama polisi kwa sababu karatasi imesema.

Nimekuchukia miezi hii, na sitaki kulificha. Kama ungekuwa mwizi wa kawaida ningekuonea haya tu. Lakini uliacha jambo lako wazi kabisa, mahali ambapo yeyote angeweza kuliona, ukijua kwamba ofisi nzima ilikuwa na msomaji mmoja tu, nawe ndiye uliyemnyang'anya kibodi. Hukujisumbua hata kuficha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkwe wako na bomba lake.

Mstari nimeufuta. Nimewaandikia pia kamati ya Mghange, kwa sababu wao walinakili programu wakabadilisha majina tu, kijiji chao cha nne kikaingia pale palipokuwa Sagalla Juu. Karani wao amenijibu kwamba watu wa kijiji hicho wamegombana na fundi wao wa valvu miaka miwili, wakimwita fisadi, na maskini alikuwa anafuata karatasi. Nimewapelekea diski mpya. Ndani yake nimeandika maelezo ya kila sehemu kwa Kiswahili, kurasa sita, na jina langu liko juu ya lako.

Kiangazi hiki tangi limeshuka tena chini ya alama ya tatu, na Sagalla Juu imepata siku yake kama wengine. Jumapili nilipanda nyumbani baada ya kanisa. Nilimkuta Mama ameketi kwenye kiti chake karibu na bomba, fimbo iko magotini, anatazama ndoo ikijaa. Hakutaka mtu mwingine aikinge.

"Andikia mwanangu," akaniambia. "Mwambie maji imekuja hata na jua hii. Mwambie Mama anashukuru kompyuta yake."

Nilibeba ndoo nikaiingiza jikoni, nikalia huko nikiwa nimeupa mlango mgongo, kisha nikanawa uso kwa maji hayohayo na kutoka.

Basi shukrani zake nimezifikisha kama nilivyotumwa, na ninatumaini zitakukaba kooni. Nimebaki na nakala ya barua hii. Unajua Mama hasomi. Barua zako zote mimi ndiye ninayemsomea, neno kwa neno, naye hunifanya nirudie. Inayofuata mwandikie wewe, umweleze kwa nini alikosa maji wiki kumi na moja. Ukimletea salamu tupu, nitaikunja nimsomee hii.

Dada yako,
Wakesho, karani wa maji