Majina ya Tangi la Kanja

Kanja,
11 Februari 2024

Kwako mtoto wangu Wambeti,

Salamu nyingi zikufikie huko Nchiru, zikukute umeketi na si mbioni. Huku hatujambo. Ni goti langu tu linaloniuma nikipanda kutoka kwa majani chai, na baba yako anakohoa lakini hataki kuulizwa. Wewe je? Unakula? Usiniandikie ati unakula kama ni chai na mkate.

Usishangae kuona barua. Mwalimu wetu wa ngumbaru amesema sisi watu wazima hatutaandika "kuku" na "kaka" ubaoni mpaka tufe. Kila mtu aandike barua ya kweli kwa mtu wa kweli, tena kwa Kiswahili, maana Kiembu chake mwenyewe kinachekesha. Mimi nimefurahi. Kwa simu nikisikia sauti yako nasahau yote, nabaki kukuuliza kama kuna baridi. Kiambi wa lori la ndizi atakuletea hii.

Sasa hiyo kazi yako. Nilimwambia jirani yetu Karimi kwamba unazunguka mji wa Meru ukipiga picha vile vibao vya zamani vilivyo kwa kuta za makanisa na zahanati na soko, vinavyosema nani alijenga na mwaka gani. Akaniuliza, "Na watu wakidhani anataka kunyakua ploti yao?" Tangu siku hiyo sina amani. Tena uliniambia vile vya shaba vinang'olewa na watu wa vyuma chakavu. Wambeti, ukikutana na mtu ameshika tindo usimwulize kitu. Mpe njia apite.

Na huyu Mutembei anayebeba kamera ni mtoto wa nani? Nauliza tu.

Jambo lingine. Hata hapa kwetu kuna kibao, kwa lile tangi la mawe pale juu ya soko. Lilijengwa na kina mama zamani, nyanya yako akiwa mmoja wao. Nimepita hapo miaka yote bila kujua kimeandikwa nini, kwa sababu nilikuwa sijui kusoma. Sasa kamati ya maji inataka kulibomoa iweke matangi ya plastiki. Mwenyekiti ni Muchangi. Nimeona nikwambie.

Vaa sweta.

Ni mimi mama yako.


Nchiru,
25 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mpe Baba dawa ya kifua hata kama atagombana. Mimi ni mzima, na jana nimekula githeri na parachichi, uliza yeyote.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilimwonyesha Mutembei mwandiko wako na akasema ni mzuri kuliko wangu. Yeye ni mtu wa Kiirua, baba yake ni mwalimu, na kabla hujauliza, ni mwenzangu wa kazi.

Mama, hilo tangi mbona hukuniambia mapema? Hapa Meru karibu kila kibao tunachokuta kina jina la mkubwa fulani aliyekuja kufungua jengo, akanywa soda, akaenda. Cha kina mama waliobeba mawe wenyewe hatujapata hata kimoja. Nimeuliza na hakuna mtu aliyewahi kukipiga picha hicho cha Kanja. Tukipata picha na maandishi yake yote, ofisi yetu ya kumbukumbu inaweza kuiandikia kamati rasmi walihifadhi tangi. Tusipopata hatuna la kuwaambia.

Tafadhali mwombe Muchangi asubiri. Tutakuja baada ya Pasaka, mimi na Mutembei. Angalia tu lisiguswe.

Mtoto wako,
Wambeti.


Kanja,
17 Machi 2024

Kwako Wambeti wangu,

Nakusalimia kwa moyo wote. Goti limepata nafuu tangu nijue mnakuja. Baba yako amekataa dawa, nikamwekea kwa chai.

Nilimwendea Muchangi. Nilikuwa naogopa, unajua vile anaongea na watu kama anahesabu mbuzi. Akaniambia, "Gladwell, lile tangi linavuja kuliko mdomo wa Karimi." Nikamwambia watu wa ofisi wanatoka Meru kuliangalia. Aliposikia ofisi akavaa kofia vizuri. Amesema atasubiri mje, lakini mkiangalia mkakosa cha maana, atabomoa mvua ikiisha.

Sasa nikupe habari nzuri. Nilipanda nikakiangalia hicho kibao, nikaona aibu. Wageni watoke Meru na kamera wakute kuta zetu zina kuvu na mavi ya ndege? Watasema sisi wa Kanja ni watu gani? Nikaenda na majivu na mchanga na lile gunzi ninalosugulia sufuria. Nimesugua asubuhi nzima. Juu kuna herufi zimechongwa, nimezisoma mwenyewe bila mtu: KIKUNDI CHA KINA MAMA KANJA 1974. Nililia kidogo. Chini yake kulikuwa na weusiweusi kama masizi, umebanduka banduka, unaharibu sura yote. Huo ndio ulinisumbua, lakini umetoka wote. Sasa kibao kinang'aa kama sahani ya harusi.

Kuku nimemtenga. Mwambie Mutembei aje na njaa.

Ni mama yako anayewangoja.


Kanja,
21 Aprili 2024

Mtoto wangu Wambeti,

Natumaini ulifika salama na mvua hii. Simu yako inaita na hushiki. Labda ni mtandao.

Sijakasirika kwamba mliondoka bila kula. Yule kuku tulimla, baba yako akasema ana chumvi nyingi, lakini mimi ulimi wangu haukuonja kitu.

Kitu kinachonirudia ni vile ulisimama pale mbele ya tangi, kumbe ile barua yangu ya Machi Kiambi alikuwa bado hajakufikishia. Mutembei akafunga kamera. Ukaniuliza, "Mama, nani amefanya hivi?" na mimi nikasema "ni mimi" huku nacheka, nikidhani unataka kunisifu. Nilikuwa na hicho kicheko mdomoni bado wakati ulipogeuka ukaenda barabarani.

Ni Mutembei aliyenieleza. Ni kijana wa heshima, alinishika mkono kwanza. Akasema, "Mama, ule weusi yalikuwa majina. Simenti ilichongwa juu tu, majina yao yaliandikwa kwa rangi, kama vibao vingi vya zamani."

Nyanya yako alikuwa hapo, na wenzake wote. Wamekaa kwa hilo jua na mvua tangu kabla sijaolewa, halafu nikawatoa na gunzi.

Muchangi amesikia. Jana kwa kituo cha majani alisema, "Sasa ni ukuta kama ukuta mwingine." Watu wakaniangalia. Mvua ikiisha atalibomoa.

Niambie la kufanya. Hata kama ni kunigombeza, andika nikusome.

Mama yako.


Kanja,
19 Mei 2024

Wambeti,

Hujambo mtoto wangu. Sijapata barua, lakini Kiambi anasema alikuona sokoni Meru ukinunua nyanya na ulimsalimia. Basi uko mzima, nimeshukuru. Mimi nakuandikia tu.

Nilifikiri, nikikaa nikingoja unisamehe tangi litaanguka bado nimekaa. Kwa hivyo nilienda kwa nyanya yetu mzee, Cucu Igoki. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya wale waliojenga. Yuko kitandani, lakini ulimi unatembea. Nikamwomba anitajie wenzake.

Akasema, "Nyina wa Muturi alikuwa na nguvu kama ng'ombe. Nyina wa Njiru alikuwa mvivu, anabeba jiwe moja anaimba nyimbo tatu."

Nikamwambia, "Cucu, majina yao wenyewe."

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Nani alikuwa anaita mama wa watu jina? Ukishazaa wewe ni nyina wa mtoto wako. Mimi nimelala nao kwa matanga, nimewashika wakijifungua. Majina sijui."

Nilimfunika blanketi nikatoka. Langoni nikakutana na watoto wakitoka shule, na mmoja ni yule binti wa kwanza wa Muturi. Nikamsalimia kama kawaida, "Rwamba, habari ya shule?" Halafu nikakaa chini kwenye majani mabichi na nguo ya kanisa.

Si Muturi alimwita binti yake wa kwanza jina la mama yake, kama kila mtu hapa? Nyina wa Muturi ni Rwamba. Wambeti, wako wote. Wanatembea hapa Kanja na sare za shule. Wengine wameolewa Runyenjes. Kwa yule mama aliyezaa wasichana peke yake, jina lake liko kwa msichana wa pili wa binti yake. Nimezunguka na goti hili boma kwa boma. Igoki ananipa nyina wa fulani, mimi naenda kwa huyo fulani nauliza binti yake wa kwanza anaitwaje. Nyina wa Njiru alikuwa Marigu. Mwingine Wawira. Na nyina wa Nthiga, yaani baba yako, jina lake sikuuliza mtu, maana ndilo lako. Nimekuwa nikiliita tangu nikuzae, hata nilipotaka kukuchapa mkono ulikuwa unakataa, kwa sababu mwenye jina alikuwa jikoni ananitazama.

Lakini amebaki mmoja. Igoki anasema alikuwa mke wa fundi, mtu wa kutoka upande wa Kiirua, ndiye aliyekuwa anachanganya udongo na kuwapimia wengine mawe. Hakubahatika kupata mtoto. Hakuwa nyina wa mtu, kwa hivyo walimwita "wa fundi". Fundi alipokufa akarudi kwao. Hakuna mtoto hapa mwenye jina lake, na pale kwa kibao ndipo mahali pekee lilipokuwa.

Huyo ndiye ninayemwomba msamaha nikilala.

Mama.


Nchiru,
26 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kama bado unataka kuniitikia.

Sikuwa naumwa, na mtandao ulikuwa mzuri. Kila nikianza kuandika naona uso wako pale kwa tangi, ukicheka kwa furaha, na mimi ndiye niliyeuzima. Kibao kilinikasirisha siku mbili tatu hivi. Baadaye ilikuwa ni aibu tu, na aibu ikikaa inazidi kuwa nzito. Nisamehe. Wewe uliona wageni wanakuja ukasafisha. Ulinilea hivyo hivyo, na mimi nilikuandikia lisiguswe bila kukueleza kwa nini.

Nimesoma barua yako mbele ya watu wote wa ofisi. Nilipofika kwa Rwamba na sare yake Mutembei akatoka nje, akasema ana mafua. Ofisi wamekubali. Majina yaliyothibitishwa na familia ni kumbukumbu kamili, na barua ya kwenda kwa Muchangi imeshaandikwa, ina muhuri mkubwa vile anapenda.

Kesho kutwa naenda Kiirua na Mutembei kuuliza habari za mke wa fundi. Baba yake anawajua wazee wa huko. Usimkatie tamaa bado.

Na Mama, nitakuja mwezi wa saba. Nitakula chochote utakachopika, hata kikiwa na chumvi.

Mtoto wako anayekupenda,
Wambeti.


Kanja,
4 Agosti 2024

Kwako Wambeti wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baba yako hakohoi tena, na bado hajui ilikuwa ni chai. Tangu urudi huko nyumba imekuwa kubwa. Mutembei naye mwambie zile nduma alizosahau nimempa Karimi, akitaka nyingine aje azichimbe.

Uliondoka kabla ya mkutano wa kibao, nikakuahidi nitakuandikia. Ndiyo huu sasa. Muchangi amekuwa mtu mwingine tangu ile barua yenye muhuri. Anamwambia kila mgeni kwamba kulihifadhi tangi lilikuwa wazo lake. Mwache tu. Matangi ya plastiki yamewekwa kando, na la mawe limezibwa nyufa na litabaki.

Fundi mmoja alikuja na tindo kuchonga majina. Safari hii ni kuchonga, si rangi. Akachonga yote, akafika mwisho, akauliza huyu wa mwisho ni nani. Nikasimama nikawaeleza vile mlienda Kiirua mara mbili, mkakuta hata boma la kwao liliuzwa na hakuna anayemkumbuka.

Muchangi akasema, "Basi hiyo nafasi tumwandike mheshimiwa. Si ndiye ametuletea simenti ya nyufa?"

Watu wakaanza kupiga makofi. Wambeti, unajua mimi si mtu wa kusema kwa mikutano. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua nimefungua mdomo.

"Hapo kuna mtu," nikasema.

"Nani?"

"Simjui jina. Lakini alichanganya udongo huu."

"Gladwell, ngumbaru imekuharibu. Nafasi ikikaa tupu watu watasema fundi alichoka."

"Waseme. Wakiuliza tutawaambia."

Wakacheka, na nikafikiri nimeshindwa. Halafu Karimi, huyo huyo mwenye mdomo, akasema kama mheshimiwa ataandikwa hapo, jina la mama mkwe wake litolewe. Muturi naye akasema la mama yake litoke. Wakaendelea hivyo mmoja mmoja, mpaka Muchangi akamwambia fundi afunge vyombo vyake.

Kwa hivyo chini ya majina yote kuna mstari mtupu, laini, upana wa kiganja. Wanaokuja kuteka maji wanauliza ni wa nini, na wakiambiwa wanakaa kidogo kabla ya kubeba mtungi. Igoki amebebwa kwa kiti mpaka pale, akauweka mkono juu yake, akasema huyo mwanamke alikuwa anachekesha sana, na akatusimulia mpaka jua likahama.

Mimi nikipita asubuhi nikienda kwa majani, wale wengine nawasoma majina yao, kila mmoja, kwa sauti, maana sasa naweza. Nikifika kwake sina cha kusoma. Basi nasema tu, "Habari ya asubuhi, mama." Nadhani ni mimi wa kwanza kumwita hivyo.

Ubaki salama, na ule.

Ni mimi mama yako.