Paa la Mama Mkwe

Kware, Nairobi
3 Machi 2024

Kwako Mama Truphena,

Mulembe, Mama. Natumai magoti yamekupa nafuu na mvua imefika Bungoma. Kukupigia simu kungekuwa utovu wa adabu, mkwe ni mkwe, lakini kuhusu maandishi sidhani mila ilisema lolote.

Nekesa amejifungua msichana. Mtoto ni mzima, ananyonya kama aliyetumwa. Mamake ndiye ananitia wasiwasi. Tangu tumzike yule wa kwanza amekuwa mwoga. Huyu hamwogeshi, hata kumbeba akiwa amesimama hataki. Huniita mimi, na kiwandani nimepewa ruhusa ya siku chache tu. Amenikataza nisikusumbue. Mimi nakusumbua: njoo, Mama.

Najua huwezi kulala chumbani kwetu. Jirani yetu Sally, ghorofa ya juu, atakupa kitanda.

Mkweo,
Kweyu

Bungoma
5 Machi

Mkwe wangu Kweyu,

Mulembe muno. Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, nimelia kwa furaha, kisha nikalia kile kilio kingine.

Nitakuja. Lakini baba, huyo Sally si analala chini ya paa lenu? Nyumba ni paa. Nikilala chini ya paa moja na mkwe, hata tukitenganishwa na watu mia, nimelala kwako. Tena juu ya kichwa chako! Ninyi mliozaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, mlifundishwa mila na nani, treni?

Tafuta paa jingine. Na unieleze njia, maana mimi sijawahi kupita Eldoret.

Mama mkwe wako,
Truphena

Kware
7 Machi

Mama,

Mulembe. Sisi tunaendelea, shukrani kwa Mungu.

Baada ya kusoma barua yako nilitoka nje nikalitazama jengo letu. Nguo zimeanikwa hadi juu kabisa, redio kila ghorofa, na wewe unasema hii ni nyumba moja! Nimecheka. Kisha nikaona haya, kwamba naishi nyumba moja na watu wote hawa na majina yao siyajui.

Paa nimepata. Katika jengo linalotazamana na letu anaishi Jacklyne, mjane muuza mboga. Nimepanda hadi juu kuhakikisha mapaa hayagusani. Alfajiri huwa Marikiti akinunua mboga, karibu na mabasi yenu yanaposimama, basi atakuchukua hapo.

Akichelewa, usimuulize njia mtu anayetembea. Muulize aliyekaa na biashara yake. Muuza mahindi hawezi kuacha jiko akimbie na mkoba wako. Kuvuka barabara, mfuate mama aliyebeba mtoto, akivuka vuka. Usisalimie kila mtu, hutafika. Na maghorofa yakikushangaza, usitazame juu huku unatembea. Simama kando, kumbatia mkoba, kisha ushangae hadi utosheke. Hata sisi wazaliwa hushangaa, tunajificha tu.

Mkweo,
Kweyu

Kwa Jacklyne, Kware
12 Machi

Mkwe wangu,

Mulembe. Nimefika salama, na nimeshangaa hadi shingo inauma. Jacklyne alinipigia kelele, "Mathe, chunga simu, huku si ocha!" Nimemjibu ndiyo, natoka mashambani, nimekuja kuona, acha nione.

Leo asubuhi nilisimama dirishani nikaona watu wakipita kwa miguu, wengi, kimya, mbele hawaishi na nyuma hawaishi. Nikajua kuna msiba wa mtu mkubwa. Nikamuuliza Jacklyne nani amekufa.

"Hakuna, mathe. Ni job wanaenda, Industrial Area."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilikaa chini. Bungoma hata mazishi ya chifu hayakujaza watu hivyo. Nilijua nawe umo humo, nikageuza uso, maana mkwe hatazamwi.

Mchana nilikuwa na Nekesa. Nimemwambia mimi sishiki mtoto, mikono imechoka. Alinikasirikia. Akamwogesha mwenyewe.

Mama mkwe wako,
Truphena

Bungoma
20 Aprili

Kweyu,

Mulembe. Nimefika nyumbani, mahindi yameota, mimi ni mzima. Nekesa ameniambia sasa anambeba mtoto mgongoni hadi sokoni. Mungu apewe sifa.

Kuna jambo linanikaa rohoni. Kila jioni kabla hujarudi nilivuka kwa Jacklyne, kama mila inavyotaka. Dirisha lake linatazama lenu. Mwanzoni nilijifunika leso nikaelekea ukutani. Halafu mtoto akalia, nikageuka. Nilikuona umembeba kifuani, bado una vumbi la kazi, unatembea kutoka mlangoni hadi kitandani, unarudi, unamwimbia, na Nekesa amelala fofofo. Nilitazama hadi taa ikazimwa. Kesho yake nikatazama tena.

Mila nimeivunja kwa macho yangu, na sijutii. Binti yangu nilimtoa kwa mtu nisiyemjua. Sasa namjua.

Mamako,
Truphena

Kware
23 Aprili

Mama,

Mulembe. Sote tu wazima, mtoto ameanza kucheka.

Nilikuona na leso yako jioni ya kwanza. Ndiyo maana sikufunga pazia.

Mwanao,
Kweyu