Picha Utakayochora Jumamosi

Kipsongo, Kitale,
12 Machi 2025.

Mpendwa binamu Kizito,

Pokea salamu kutoka huku kwenye matope. Natumaini u mzima, chakula kinashuka na usingizi unakuja bila shida. Sisi tuko salama. Mama yako, shangazi Viola, goti bado linamsumbua, lakini Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani. Mvua imeanza na watu wanapanda. Huko Mombasa nadhani ni joto tu.

Tulikuona kwenye televisheni. Shangazi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Ulivaa vizuri. Picha zilizokuwa nyuma yako nilizijua kabla hujafungua mdomo, kwa sababu zilichorwa na programu yangu, ile uliyoinakili Krismasi nikiwa jikoni nakupikia kuku. Ukasema zinatoka kwenye ndoto zako. Kizito! Ile mistari ni vidole vya kukhu, nyanya yetu aliyekulea, jinsi alivyokuwa akikandika ukuta kwa udongo mweupe. Nilikaa miaka nikiifundisha kompyuta mkono wa marehemu. Wewe hukumtaja hata kwa jina. Hilo ndilo lililonichoma, na sijapoa.

Unakumbuka uliponikuta narusha maharagwe kwenye ungo? "Ati maharagwe ndio inachora? Wewe Nasambu bana, hiyo ni mchezo ya watoto!" Sikukujibu, chai ilikuwa inachemka. Sasa nakujibu. Kompyuta haina bahati yake yenyewe. Hupewa nambari ya kuanzia, na kutoka hapo huchora picha moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule, hata ukiihamishia mashine nyingine. Ndiyo maana kila nikianza kazi mpya narusha maharagwe, nahesabu yaliyobaki ndani ya ungo, na hesabu hiyo naipa kompyuta iwe nambari mpya. Wewe uliondoka na nambari ya siku ile, na kwa kuwa maharagwe ni ya watoto, hujaibadilisha.

Kwa hivyo kila picha unayochora, binamu, mimi ninayo tayari.

Nilianza kuzichapisha mwezi jana. Jirani yangu Chelimo, yule fundi wa nguo, alipoiona moja alishangaa: "Si hii ni kama zile za Kizito? Hii ataichora lini?" Nikamwambia, wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukaiweka mtandaoni, umeibatiza "Machozi ya Bahari". Tulicheka hadi Chelimo akaketi chini. Hayo machozi sasa yamebandikwa kwenye mlango wa choo chetu. Nyingine Mama Wangila anafungia mandazi, na wateja wanamsifu kwa karatasi nzuri.

Nasikia Jumamosi utasimama mbele ya wageni kwenye maonyesho yako, ubonyeze kompyuta, izaliwe picha ambayo hakuna binadamu amewahi kuiona. Nimefurahi sana. Chelimo anakuja huko kumtembelea dada yake, nami nimempa bahasha ampelekee mama mwenye ukumbi. Ndani mna picha hiyo, pamoja na kadhaa zinazofuata, iwapo mazoezi yatakuwa yamekusogeza mbele. Nimemwomba yule mama aifungue mbele ya wote, ukishabonyeza tu. Barua hii Chelimo atakukabidhi wakianza kunong'onezana.

Shangazi atalia, najua. Nampenda, na bado sirudi nyuma. Ulipoiba ungeniomba msamaha nikiwa peke yangu, ungeupata. Ulinyamaza ukaenda kwenye televisheni, basi nami nimekufuata mbele ya watu.

Nisalimie mkeo Mwihaki, yeye hana kosa. Mjomba Absalom anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akupe magoti yenye nguvu usiku huo, maana sidhani kama kuna atakayekupa kiti.

Wakikuuliza picha ni ya nani, usihangaike kutafuta ndoto. Nyuma ya kila moja nimeandika jina langu, na juu yake la kukhu. Alikuwa akiitwa Nanjala. Lisome kwa sauti, wasikie wote.

Binamu yako akupendaye hata sasa,
Nasambu