Kitanda cha nguzo ya mzee

Shoga, hata chai sijanywa. Nimetoka kwa kina Lucia huko Sibwesa.

Unaikumbuka nyumba ya miti aliyojenga marehemu baba yake mwaka 94? Nguzo zote mti mgumu wa mninga, kila moja kaichoma moto chini ili mchwa wasiiguse.

Sasa Ngolo, kaka yake, kaing'oa ya katikati. Kapasua mbao za kitanda cha mke mpya. Kitanda, shoga.

Pale kachomeka mkaratusi na magome yake. Mchwa wameshaula, paa limeinama juu ya chumba cha mama yao.

Lucia kamuuliza, "Na mama analala wapi?"

"Si humo humo."

Humo humo, anasema.

Lucia katema mate, kaburuta godoro la mama mpaka chumba cha maharusi. "Mama atalala juu ya nguzo ya mumewe. Nyie nendeni mkalale chini ya mkaratusi wenu."