Kitabu Kisicho na Jalada

Jumamosi, 28 Februari 1970

Leo nimecheka. Siku ya ishirini tangu Mtoro afariki, niko eda, nimecheka.

Sikukusudia. Nilikuwa nachambua mchele, nikamkumbuka akiigiza yule Inspekta wa kitabuni mwenye mafua. Anapiga chafya juu ya maiti, kisha anaomba radhi. Anamwomba radhi maiti. Nikaziba mdomo kwa pindo la kanga, lakini sauti ilikwisha toka.

Mama mkwe, Bi Mwanaharusi, alikuwa amelala chumba cha pili. Tangu mazishi haongei ila salamu. Wifi Biubwa alikuwa ukumbini anashona. Mashine ikanyamaza. Ikaanza tena, polepole.

Naogopa vile ilivyonyamaza.

Jumapili, 1 Machi

Usingizi haba. Niandike, labda moyo utatulia.

Mtoro alipokuwa baharia alinunua kitabu Glasgo, Uskochi, kwenye mkokoteni wa vitabu vikuukuu, mvua inanyesha. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo hatukujua jina lake wala la aliyekitunga. Ni hadithi ya mama mmoja wa Kiskochi mwenye nyumba ya wageni bandarini. Anakiri ukurasa wa kwanza tu: mimi ndiye niliyemuua mume wangu. Mtoro alisema huo ndio uhondo wenyewe. Muuaji tunamjua, anatusimulia mwenyewe, tena ana adabu, na ana huruma kwa paka. Kilichobaki ni kuona atashikwa vipi. Na wewe unajikuta unamwombea asishikwe.

Alasiri akitoka ghala la mbata alikaa uani, anasoma Kiingereza kimoyomoyo, ananisimulia kwa Kiswahili. Mimi naandika kwenye daftari, maana nina hati nzuri. Darasa la sita nilikuwa wa kwanza kwa hati. Ukoti wake wa baridi aliuvaa akifika kwa Inspekta. Jasho linamtiririka, hauvui.

Mwanzoni aliyaacha majina ya kwao kama yalivyo. Hayatamkiki. Akaamua kuihamisha hadithi yote ije kwetu, mtaa uwe mtaa, soko liwe soko. Baridi tu aliiacha kama ilivyo.

Nilikuwa naogopa mpaka miguu naipandisha juu ya kitanda, na huku nacheka. Hofu ilikuwa ya mtu mwingine. Unaitazama, umeshika kikombe chako cha chai.

Jumanne, 3 Machi

Biubwa ameuliza Mtoro alikula nini siku zile tatu za mwisho. Nikasema uji wa mchele. Tumbo lilikataa kila kitu. Daktari mwenyewe alisema uji, na alisema ini lilikuwa limeharibika siku nyingi.

"Uji kapika nani?"

"Mimi, wifi."

Akaguna. Akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi, 5 Machi

Daftari halipo.

Nilipeleka mkono chini ya godoro nikagusa moja. Yalikuwa mawili, ya rangi moja, tuliyanunua siku moja. Nikadhani limechukuliwa hili ninaloandikia siri zangu. Nikafungua — ni hili. Limekwenda lile la hadithi. Bora wangechukua hili!

Nimekaa nikikumbuka yaliyomo. Nayakumbuka mno, kwa mkono wangu mwenyewe: *Miaka ishirini mume wangu hakuwahi kuusifu uji wangu. Siku niliyotia dawa ya panya akalamba kijiko, akasema, leo umepika. Nikakaribia kumhurumia.*

Siku tuliyoandika hapo Mtoro alicheka mpaka miwani ikaanguka. Tangu hapo kila nikimwandalia ananiambia hivyo. Wali, leo umepika. Chai ya rangi, leo umepika. Hata uji ule wa siku ya mwisho alisema, kwa sauti ndogo, akajaribu kutabasamu.

Biubwa alikuwa mlangoni. Alisikia.

Ijumaa, 6 Machi

Shemeji Bwanausi, mdogo wake Mtoro, amekuja na basi la Dar es Salaam. Ni karani, mtu wa mafaili. Kwa ajili ya eda alikaa upande wa pili wa pazia. Naona vidole vyake vya miguu tu, na makubazi.

"Pole na eda, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Daftari hili la nani?"

"La Mtoro."

"Hati ya nani?"

"Yangu."

"Humu mtu anasema kamuua mumewe kwa uji."

Nikamweleza yote, Glasgo, mkokoteni, mama wa nyumba ya wageni. Alisikiliza mpaka mwisho. Sauti yangu ilikuwa inapotea katikati ya maneno, nikawa narudia.

"Kitabu kinaitwaje?"

"Sijui. Hakina jalada."

"Kiko wapi?"

"Kilikuwa kwenye sanduku lake la bati."

Sanduku lile aliligawa Bwanausi mwenyewe, siku ya tatu. Nguo na ukoti kwa maskini. Karatasi sikujua zilikwenda wapi.

"Mwanamke wa humu anakwenda sokoni kununua dagaa," akasema. "Uskochi wanakula dagaa, shemeji?"

Biubwa akacheka kwa pua.

Atasubiri arobaini ipite, kwa heshima ya marehemu. Halafu daftari linakwenda polisi. Vidole vya miguu vikaondoka.

Jumapili, 8 Machi

Jirani yangu Tabia, muuza vitumbua, kaniletea bizari kutoka duka la Mrisho. Nikamimina, nikataka kutupa karatasi. Ina maandishi ya Kiingereza. Pembeni doa la duara — kikombe cha chai cha Mtoro. Ukurasa wa 112.

Kumbe Mrisho alinunua karatasi za lile sanduku kwa uzani. Anasokotea bizari na pilipili manga.

Nikamwomba Tabia arudi akanunue tena, kidogo kidogo, mafungu mengi.

"Shoga, bizari yote hii, unampikia pilau nani?" Kisha akaniangalia uso. "Haya. Usilie. Nakwenda."

Jumatano, 11 Machi

Kurasa nane. Chumba kizima kinanukia bizari. Kiingereza changu cha shule hakifiki mbali, ila neno la uji nalitambua. Nimelikuta mara tisa. Nikampelekea Biubwa ukurasa mmoja. Akaunusa. "Karatasi ya duka hii, wifi." Akanirudishia.

Tabia anasema Mrisho anatutania dukani kwamba nyumba yetu imeingiliwa na jini la bizari.

Jioni nimekwenda stoo ya uani. Kopo letu la dawa ya panya lipo, kwenye rafu, kando ya unga wa mchele. Mtoro alilinunua Ramadhani kwa ajili ya panya wa ghalani. Kifuniko kimelegea. Nani alilifungua? Nadhani yeye. Siwezi kuapa. Siku zile tatu nilikuwa sijalala, nachota unga kwa taa ya kibatari, machozi yananitoka. Nilichota wapi?

Najua nilichota kwenye unga. Najua. Lakini nimesimama pale muda mrefu.

Nilitaka kulitupa chooni. Yule mama wa kitabuni alilitupa lake kisimani, na Inspekta alimwanzia hapo hapo kisimani. Nikaliacha. Ndipo nikaona nimelishika kwa mikono miwili.

Jumatatu, 16 Machi

Kurasa ishirini na tatu. Mwisho haumo.

Daftari letu linaishia Inspekta anapofika ile nyumba, kalowa chapa chapa, anakaa mezani na kuomba uji. Ukiletwa anamsogezea yule mama bakuli. Anza wewe, bibi. Mtoro akafunga kitabu hapo. Nilimsihi. Akasema kesho. Kesho yake tumbo likamwanza.

Nimemtuma Tabia aulizie kurasa za mwisho tu. Kumbe Mrisho huanza kuchana kutoka nyuma. Zile zilikwenda mwanzo kabisa, na karanga. Watu wametafuna, wametupa.

Kwa hiyo aliyejua mwisho ni mmoja, na amezikwa.

Alhamisi, 19 Machi

Biubwa kaleta maagizo ya kaka yake. Kesho arobaini. Baada ya hitima, wageni wakishaondoka, mimi nipike uji wa mchele. Niupike kwa unga ule ule wa stoo. Ukiiva, nianze mimi mbele ya familia.

Najua alikoutoa ujanja huo. Amesoma mpaka mstari wa mwisho.

Nikamuuliza Biubwa, kaka yako ameamini kweli? Akainamia uzi wake. Anasema Bwanausi ameisoma hadithi mara tatu. Jana kamtumia salamu kwa dereva wa basi, kuuliza kama kuna daftari la pili.

Nisingekuwa na hofu hii ningecheka.

Nikinywa nikabaki mzima, atasema nilijua kesho si siku ya kutia dawa. Nikikataa, ndiyo hiyo polisi. Mkono ukitetemeka, basi unatetemeka kwa sababu. Na leo asubuhi Biubwa aliingia stoo. Alikaa humo. Nimesikia kopo likisogezwa kwenye rafu. Sikuthubutu kuuliza analitafutia nini.

Ijumaa, 20 Machi

Hitima imesomwa vizuri. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri, wageni wakaondoka mapema.

Nikapika. Biubwa alisimama nyuma yangu. Nilinusa unga mara tatu. Harufu ya unga. Na bizari, maana mikono yangu yote siku hizi ni bizari.

Tulikaa ukumbini, mimi, Biubwa na mama mkwe. Bwanausi nyuma ya pazia na daftari. Akasema kwanza atasoma, ili mama naye asikie, kwa kuwa mama hajui kusoma. Akaanza kwa sauti ya ofisini, kavu. *Mimi ndiye niliyemuua mume wangu.* Mama mkwe hakutikisika. Akasoma dagaa, akasoma paka, akasoma kisima. Alipofika kwa Inspekta akapenga pua. Nadhani hakujijua. Akaendelea kwa ile ile sauti ya puani ya Mtoro, na mafua, na kuomba radhi.

Mama mkwe akainua kichwa.

"Huyo Mtoro," akasema.

Bwanausi akarudia sauti ya ofisini. "Ni daftari, mama. Hati ya shemeji."

"Hati sijui. Maneno ya mwanangu nayajua. Soma."

Akasoma mpaka pale pa mwisho. Anza wewe, bibi. Vidole vya miguu vimesimama chini ya pazia. Nikachukua bakuli. Uji ukanimwagikia kidoleni, wa moto. Sikuweza kuufikisha mdomoni. Niliona kifuniko kile kilicholegea. Niliona Biubwa anaangalia bakuli, siyo mimi.

Mama mkwe akanyoosha mkono akaninyang'anya. Akanywa, bila haraka, kama anavyokunywa kila asubuhi. Nilitaka kumzuia. Mdomo haukufunguka. Namna hii nami nimejijua kwamba sina uhakika na stoo yetu.

Alikunywa nusu. Akalamba kijiko. Akasema kwa nguvu, kuelekea kwenye pazia:

"Leo umepika, mwanangu."

Biubwa akajifunika uso kwa ushungi. Sikujua anacheka au analia.

"Jaza jingine," mama akaniambia. Nikajaza. Akampa Biubwa. "Mpe kaka yako. Anywe, kisha atuambie Inspekta alifanya nini."

Bakuli likapita chini ya pazia.

Nimeingia chumbani nikasema nabadilisha kanga. Naandika nimesimama, daftari juu ya kasha. Mama mkwe anakohoa. Kikohozi cha kawaida, cha kila siku. Nahesabu. Amekohoa mara mbili.

Nyuma ya pazia nasikia kijiko kinakoroga. Kinakoroga, kinagonga ukingo, kinakoroga tena. Uji utakuwa umeshapoa.

Bado hajanywa.